Mzigo wa Mshitaki

Mtu akisimama barazani na kusema, "Mbuzi huyu ni wangu, fulani ameniibia," wazee humgeukia yeye kwanza. Humwuliza: ulimpata wapi, ana alama gani, nani alimwona zizini mwako? Hawamwambii yule anayeshitakiwa, "Haya, tuonyeshe kwamba wewe si mwizi." Jambo hilo ni rahisi likiwa la mbuzi. Lakini likiwa shauri la damu, maiti imelala pale, mama analia, kijiji kizima chataka jina la mwuaji kabla jua halijatua, basi mara nyingi mambo hugeuka. Aliyekamatwa ndiye anayetakiwa kujitoa. Asipoweza kujitoa, husemwa ni yeye.

Mwezi huu twataka kuwapa wasomaji wetu habari ya mzigo huo wa kuthibitisha: ulikuwa juu ya kichwa cha nani zamani, na namna ulivyohamishwa. Habari yenyewe ina watu wawili waliohukumiwa kufa, mmoja Mfaransa na mmoja Mwingereza. Wa kwanza alikufa. Wa pili aliokoka, naye pengine hakuwa mtu mwema kuliko yule wa kwanza.

Wazee wetu wa pande za Tanganyika na Katanga walijua mwavi. Mtu akishitakiwa kwamba ameua kwa uchawi, alinyweshwa maji ya gamba la mti wenye sumu. Akitapika, hana kosa. Akianguka na kufa, kosa limeonekana. Tutazame vizuri jambo hilo, tusilicheke haraka. Mshitaki hakuleta shahidi hata mmoja. Alileta neno tu, na neno hilo likatosha kumfanya mwenzake anywe sumu. Mzigo wote ulikuwa juu ya mshitakiwa, tena ilimpasa kuuchukua kwa tumbo lake.

Wazungu nao walikuwa na mwavi wao. Karne nyingi huko Ulaya mshitakiwa alishikishwa chuma cha moto, au alitiwa mkono katika maji yanayochemka, kisha mkono ukafungwa kitambaa, na baada ya siku chache ukatazamwa. Kama kidonda chapona vizuri, hana kosa. Kama kimeoza, ole wake. Wengine walifungwa kamba na kutupwa majini. Na mapadri walikuwako, maana ndio waliobariki chuma na maji. Katika mwaka wa 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano, ulioitwa na Papa Innocent III, ukakataza mapadri wasibariki tena mambo hayo. Padri alipoondoka, desturi yenyewe ikakosa nguvu. Nchini Uingereza, mwaka wa 1219 tu, serikali ya mfalme iliwaandikia majuji wake kwamba njia ile imekwisha.

Lakini mambo mapya yawe gani? Zamani Mungu aliachiwa kazi ya kusema nani mwuaji. Sasa kazi hiyo imewaangukia watu, na watu hawaoni moyoni mwa mwenzao. Hapo njia mbili zikaachana. Waingereza wakachukua watu kumi na wawili wa kawaida, wanaoitwa juri, wakawaapisha waseme kama mtu ana kosa au hana. Ufaransa na nchi nyingi za bara wakafuata majuji wenye elimu na kanuni za ushahidi zilizotoka katika sheria za Waroma na za Kanisa.

Kanuni zile za Waroma zilikuwa na mambo mazuri. Waroma walikuwa na neno la kwamba anayesema ndiye athibitishe, wala si yule anayekana. Kaisari Traiano naye aliagiza kwamba mtu asihukumiwe kwa kudhaniwa tu, maana ni afadhali mwenye kosa abaki bila adhabu kuliko asiye na kosa ahukumiwe. Na majuji wa bara waliofuata elimu hiyo waliweka sharti kali: asiuawe mtu isipokuwa wako mashahidi wawili walioona kwa macho, au mwenyewe ameungama. Je, si jambo zuri? Ni zuri sana. Ila wauaji hawaiti mashahidi wawili waje kutazama. Basi juji alibaki hana kitu, na kwa kuwa kanuni ilidai kuungama, akatafuta kuungama kwa kamba, kwa maji na kwa magurudumu. Hivyo kanuni iliyowekwa ili kumlinda mshitakiwa ikawa mlango wa kumtesa. Tena majuji wakaanza kuhesabu ushahidi kama mtu anavyopima unga sokoni: huu ni ushahidi kamili, huu ni nusu. Katika Toulouse, ndivyo alivyowasimanga Voltaire, walipokea hata robo na hata nusu ya robo, kisha wakazijumlisha. Minong'ono minane ya sokoni ikafanya ushahidi mmoja kamili.

Mji huo wa Toulouse ndio tunaoufikia sasa.

Tarehe 13 Oktoba 1761, usiku, nyumba ya mfanyabiashara wa nguo aitwaye Jean Calas ilijaa kilio. Mtoto wake wa kwanza, Marc-Antoine, mwenye miaka 28, alikuwa ameondoka mezani baada ya chakula. Baadaye walimkuta chini dukani, amekufa, shingo ina alama ya kamba. Watu wakakusanyika mlangoni. Jamaa hiyo ilikuwa ya Waprotestanti, katika mji wa Wakatoliki, na siku zile sheria za Ufaransa ziliwabana sana Waprotestanti. Mtoto mwingine wa mzee Calas alikuwa amekwisha kuingia katika Kanisa Katoliki. Sauti moja katika kundi la watu, na hata leo haijulikani ya nani, ikasema: baba amemwua kwa sababu alitaka kuwa Mkatoliki kama ndugu yake. Basi. Neno likaenda mji mzima usiku ule ule, na David de Beaudrigue, mkubwa mmoja wa mji, akawakamata wote waliokuwamo nyumbani: baba, mama, kijana wao Pierre, rafiki aliyekuja kula nao, na mtumishi wa kike, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Mkatoliki mwenye bidii.

Jamaa wale walifanya jambo lililowaharibia. Kwanza walisema wamemkuta ameuawa na mtu asiyejulikana. Kisha wakageuza, wakasema walimkuta amejinyonga. Kwa nini waligeuza? Kwa sababu maiti ya mtu aliyejiua ilihukumiwa siku zile kama mtu hai: ilikokotwa uso chini katika njia za mji, kisha ikatundikwa. Baba gani angetaka hivyo kwa mtoto wake? Lakini majuji waliposikia maneno mawili, wakasema: mwongo ni mwuaji. Hapo ndipo penye kosa ambalo twaliona hata leo katika mabaraza mengi. Uongo wa mshitakiwa waonyesha kwamba ameogopa kitu. Hauonyeshi kitu gani.

Karatasi ya kuwaita mashahidi ikasomwa makanisani, nayo iliandikwa kana kwamba jambo limekwisha kujulikana: ajaye aje kusema alivyosikia kwamba kijana alitaka kugeuza dini, na namna walivyomwua. Hapakuitwa mtu wa kusema kwamba kijana alikuwa na huzuni, wala kwamba hakuwa na nia ya kuwa Mkatoliki. Marc-Antoine akazikwa kwa heshima kubwa kama shahidi wa dini, kabla tribinali haijaamua kama aliuawa. Na tuseme wazi, sisi tunaoandika katika gazeti la Kikatoliki: walioshangilia katika Toulouse walikuwa watu wa dini yetu, na hasira yao ilisaidia kumwua mtu.

Tarehe 9 Machi 1762 majuji 13 walipiga kura, na 8 wakataka afe. Tarehe 10 Machi mzee Calas, mwenye miaka 63, aliteswa ili aungame na kuwataja wenzake, hakuungama. Akavunjwa mifupa juu ya gurudumu mbele ya watu, akaachwa hapo saa mbili, akanyongwa, mwili ukachomwa moto. Mpaka mwisho alisema hana kosa. Majuji walikuwa wametumaini kwamba atasema, na kwa maneno yake watawahukumu wengine. Aliponyamaza walikwama. Maana watu wale wote walikuwa pamoja jioni ile katika nyumba moja: ama wote walijua, ama hakuna aliyeua. Mzee wa miaka 63 peke yake hawezi kumnyonga kijana mwenye nguvu bila kelele, na wengine wasisikie. Lakini Pierre alifukuzwa tu mjini, na wengine wakaachwa huru. Kwa kuwaacha, majuji walikiri wenyewe, bila kusema, kwamba hawakuwa na hakika.

Voltaire alilishika jambo hilo, akaandika, akasumbua wakubwa. Mwaka wa 1764 hukumu ikavunjwa, na tarehe 9 Machi 1765, miaka mitatu kamili tangu siku ya hukumu, Jean Calas akatangazwa kuwa hana kosa. Mfalme Louis XV aliwapa jamaa zake livre 36,000.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka ule ule wa 1762 ambao Calas alivunjwa mifupa, juji mmoja wa Uingereza, Sir Michael Foster, alitoa kitabu cha sheria. Waingereza walijivuna kwamba wao hawatesi watu ili waungame, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli. Lakini ndani ya kitabu hicho mlikuwa na kifungu kidogo kilicholala kama nyoka katika majani makavu. Foster aliandika kwamba ikiwa imeonyeshwa kwamba mtu fulani ameua, yahesabiwa kuwa aliua kwa nia mbaya, na ni juu yake mwenyewe kuonyesha kwamba ilikuwa bahati mbaya, au alikuwa akijilinda, au alichokozwa. Maneno hayo yakapita kitabu kwa kitabu, juji kwa juji, miaka 173. Na katika miaka hiyo Waingereza walikuwa wakiwaambia watu wa juri kwamba wasimhukumu mtu ikiwa wana shaka yenye sababu. Mambo mawili hayo hayapatani. Lakini watu waweza kukaa miaka mingi na mambo mawili yasiyopatana katika nyumba moja, mpaka siku moja yagongane.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 10 Desemba 1934.

Reginald Woolmington alikuwa kijana wa miaka 21, mfanya kazi wa shamba kusini ya Uingereza, kazi yake kukama ng'ombe. Mkewe Violet alikuwa na miaka 17. Walioana tarehe 25 Agosti 1934, mtoto akazaliwa tarehe 14 Oktoba, ugomvi ukaanza, na tarehe 22 Novemba mke akachukua mtoto akarudi kwa mama yake katika kijiji cha Milborne Port. Kijana alimwomba arudi, hakutaka. Ni habari ambayo msomaji wetu aweza kuikuta kijijini kwake, ila huku kwetu wazee wa pande mbili wangalikwisha kukaa na kuzungumza.

Asubuhi ile ya tarehe 10 alikwenda kukama ng'ombe kama desturi, baada ya usiku wa kufikiri bila usingizi. Halafu akatwaa bunduki ya zamani iliyokuwa ghalani, akaikata midomo yake kwa msumeno ili iwe fupi, akatia risasi mbili zilizokuwapo, akavitupa vipande na msumeno katika kijito. Akarudi kwa baba yake, akabadili nguo, akafunga bunduki kwa waya begani, chini ya koti, akapanda baisikeli. Kiasi cha saa tatu na robo jirani, naye ni jamaa wa yule mke, alikuwa akianika nguo. Alisikia sauti ya Reginald ikiuliza kama mwenzake atarudi nyumbani. Mlango ukapigwa. Kisha mlio wa bunduki. Jirani akatazama dirishani, akamwona kijana akitoka na kushika baisikeli yake. Akamwita, kijana akamkazia macho, hakujibu, akaenda zake. Jioni alipokamatwa alisema kwamba amelifanya, wamtende wapendavyo, labda ni wivu, mama mkwe amemvuta mkewe.

Mbele ya tribinali alieleza hivi: alitaka kumwonyesha mkewe bunduki na kumtisha kwamba asiporudi atajiua. Alipokuwa akiitoa chini ya koti, ikalia yenyewe, mke akaanguka. Ni bahati mbaya.

Msomaji atatuuliza: ninyi mwasadiki? Kusema kweli, twaona habari hiyo yanuka. Anayetaka kutisha tu, kwa nini atie risasi? Anayejiona hana kosa, kwa nini amkimbie jirani anayemwita? Lakini tutazame na upande wa pili. Anayetaka kumtisha mke kwamba atajiua hujifanya mtu wa kujiua kweli, na bunduki tupu haitoshi. Bunduki nzee iliyokatwa, imefungwa kwa waya chini ya koti, ikivutwa kwa haraka na mkono unaotetemeka, yaweza kulia. Na kijana aliyemwona mke wake ameanguka kwa mkono wake aweza kusema "nimelifanya mimi" bila kufikiri juu ya maneno ya sheria. Hatujui. Na watu kumi na wawili wa juri ya kwanza, walioketi katika mji wa Taunton mwezi wa Januari 1935, wao pia hawakujua: walikaa chumbani saa moja na dakika 25, wakatoka wakisema hawapatani.

Shauri likarudiwa katika Bristol mwezi wa Februari. Juji, Swift, akawaeleza watu wa juri ya pili sheria kama alivyoisoma katika vitabu vinavyomfuata Foster. Aliwaambia hivi kwa maana: Serikali iwaonyeshe bila shaka yenye sababu kwamba mwanamke huyu alikufa kwa mkono wa mshitakiwa. Ikiwa imeonyesha hivyo, basi ni yeye sasa awaonyeshe kwamba ilikuwa bahati mbaya. Na Woolmington hakukana kwamba bunduki ilikuwa mkononi mwake! Tangu hapo mzigo wote ukamwangukia. Juri wakamwona ana kosa, akahukumiwa kunyongwa tarehe 14 Februari 1935.

Wakili wake, au avoka kama tunavyosema huku, akapeleka shauri katika tribinali ya rufani. Majuji watatu wakakataa. Ikabaki njia moja nyembamba, ya Baraza la Malodi, ambalo siku zile, na mpaka 2009, lilikuwa tribinali ya mwisho ya Uingereza. Mlango huo haukufunguliwa kwa kila mtu: ilitakiwa karatasi ya mwanasheria mkuu wa Serikali kusema kwamba jambo hili ni kubwa kwa nchi nzima. Mwanasheria mkuu huyo, Sir Thomas Inskip, akaitoa. Twapenda wasomaji waangalie jambo hilo. Aliyeruhusu shauri liende mbele ni mkubwa wa upande ule ule uliotaka kijana anyongwe.

Malodi walivunja hukumu, na sababu zao zikatolewa tarehe 23 Mei 1935, zikisemwa na Viscount Sankey. Alirudi nyuma katika vitabu, akafukua mpaka kwa Foster, akauliza: neno hili lilitoka wapi? Akaona kwamba halina msingi wa kutosha. Kisha akasema neno ambalo wanafunzi wa sheria wa Kiingereza hulijua kwa moyo, kwamba katika nguo yote ya sheria yao ya makosa uko uzi mmoja wa dhahabu: ni kazi ya mshitaki kuonyesha kosa la mshitakiwa. Isipokuwa katika mambo machache, kama mtu kusema alikuwa na wazimu, mshitakiwa halazimishwi kuthibitisha kitu. Aweza kueleza, na ikiwa maelezo yake, hata kama hayakuwaridhisha kabisa, yameacha shaka yenye sababu kwamba labda ilikuwa bahati mbaya, basi lazima aachwe.

Angalieni alivyosema na asivyosema. Hakusema kwamba Woolmington ni mkweli. Hakusema kwamba bunduki ililia yenyewe. Alisema tu kwamba juri waliulizwa swali baya. Waliulizwa, "Je, kijana huyu amewaonyesha kwamba ni bahati mbaya?" Ilipasa waulizwe, "Je, Serikali imewaonyesha kwamba si bahati mbaya?" Msomaji aweza kufikiri kwamba ni mchezo wa maneno. Lakini afikiri juu ya juji mwenye nia njema ambaye, baada ya kusikia yote, yuko katikati, haegemei huku wala huku. Kwa swali la kwanza mtu ananyongwa. Kwa swali la pili anakwenda nyumbani. Kamba ya shingo ilining'inia juu ya swali.

Na hiyo "shaka yenye sababu" ni nini? Si kila wazo linalopita kichwani. Tukitaka, twaweza kutilia shaka hata kwamba jua litatoka kesho. Shaka yenye sababu ni ile ambayo mtu mwenye akili aweza kuieleza kwa jambo fulani lililosikiwa katika shauri, au kwa jambo lililokosekana: shahidi aliyekuwa mbali mno, saa zisizopatana, bunduki iliyokuwa mbovu. Majuji waliitumia katika Boston, Marekani, mwaka wa 1770, askari wa Kiingereza waliposhitakiwa kwa kuwapiga risasi watu wa mji. Kati ya askari 8, juri waliwaacha 6 na kuwaona 2 na kosa dogo kuliko la kuua kusudi. Mji ulikuwa na hasira, na juri ilikuwa ya watu wa nchi ile ile.

Profesa mmoja wa Marekani, James Whitman, katika kitabu chake cha mwaka 2008, amesema jambo linalotugusa sisi. Aona kwamba mwanzo wa neno hilo haukuwa kumlinda mshitakiwa. Ulikuwa kumlinda juji. Walimu wa dini wa zamani walifundisha kwamba anayemwaga damu ya mtu hali moyo wake una shaka, atenda dhambi ya mauti, na katika shaka yapasa kushika njia iliyo salama. Watu wa juri wakaogopa sana kuhukumu. Basi wakaambiwa: ikiwa shaka yenu haina sababu, hukumuni, roho zenu zi salama, ikiwa ina sababu, acheni. Si wataalamu wote wanaokubali maelezo hayo, lakini sisi twayaona yana nguvu, kwa kuwa zamani watu wa Ulaya waliogopa jehanamu kuliko walivyoogopa magazeti.

Neno la Malodi lilipita mipaka. Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizokuwa chini ya Waingereza, tribinali zao zilifuata kanuni hiyo, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiandika, katika kifungu cha 50, kwamba mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka kosa lithibitishwe. Huku kwetu Kongo tulipata sheria kwa njia nyingine, njia ya Ufaransa na Ubelgiji. Wafaransa walijifunza kwa damu ya Calas na ya wengine, wakaandika katika Tangazo la mwaka 1789, kifungu cha 9, kwamba kila mtu ahesabiwa hana kosa mpaka ahukumiwe. Hatuna juri huku. Majuji huamua kwa jinsi moyo wao ulivyosadiki, na husemwa kwamba shaka humfaa mshitakiwa. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 yasema katika kifungu cha 17 kwamba mshitakiwa ahesabiwa hana kosa mpaka kosa limeonyeshwa kwa hukumu ya mwisho, na kifungu cha 21 chataka kila hukumu iandikwe pamoja na sababu zake. Hicho cha pili watu hukisahau, nacho ni kikubwa. Juji anayelazimishwa kuandika kwa nini amesadiki hawezi kujificha nyuma ya moyo wake. Lazima ataje shahidi yupi, kitu gani, saa ngapi. Kama majuji wa Toulouse wangalitakiwa kuandika sababu na kuzisoma mbele ya watu, wangaliandika nini?

Lakini karatasi ni karatasi. Gereza la Makala katika Kinshasa lilijengwa kwa watu 1,500; mwaka 2024 walikuwamo zaidi ya 12,000, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Watu wa parke hawajaleta ushahidi wao, na mtu amekwisha kukaa mle miaka. Kwake yeye mzigo umekwisha kuwekwa kichwani, sheria iseme isemavyo. Katika vijiji vya Kivu ya Kusini wako wanawake wazee waliouawa katika miaka hii kwa sababu mtoto wa jirani alikufa na mtu akataja jina. Hapo hakuna mwavi wala tribinali, kuna kundi la watu na mawe, kama mlangoni pa Calas.

Tena, mwezi wa Machi 2024 Serikali ilitangaza kwamba zuio la kutonyonga na kutopiga risasi waliohukumiwa kufa, lililokuwapo tangu 2003, limeondolewa. Wako wanaofurahi, kwa kuwa wamechoka na wauaji na wasaliti, na uchovu wao twauelewa, maana mashariki ya nchi imezika watu wengi mno. Lakini hukumu ya mzee Calas ilivunjwa baada ya miaka miwili, naye alikuwa majivu. Hukumu ya Woolmington ilivunjwa kabla ya kamba, na siku ile alitoka mlangoni kwa miguu yake, kijana wa miaka 21, ana mtoto wa miezi sita tu.